Thomas Odhiambo: Mzaliwa wa Mombasa ambaye kazi yake nimeikuta Malaba

Sisi Wapwani tukisikia Malaba au Busia, akili zetu huenda moja kwa moja kwenye foleni ya malori. Mzigo unashuka Kilindini, unapanda trela, unapita Nairobi, Nakuru na Eldoret, na mwisho unasimama mpakani kungoja kuvuka kwenda Uganda. Mimi ni wakala wa forodha. Kazi hiyo ndiyo iliyonitoa Mombasa, na kwa miaka mingi sasa makazi yangu ni Malaba. Lakini leo sina habari za malori wala za ushuru. Nataka kuwaeleza habari za mtu aliyezaliwa Mombasa, akawa miongoni mwa wanasayansi wakubwa waliowahi kutoka Afrika, na ambaye jina lake sijapata kulisikia likitajwa katika baraza zetu za pwani.

Mtu huyo ni Profesa Thomas Risley Odhiambo, mwanzilishi wa ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu chenye makao yake Nairobi. Alifariki mwezi Mei 2003. Watoto waliozaliwa mwaka ule sasa ni watu wazima wenye kupiga kura, na wengi wao hawajui kwamba aliwahi kuwepo.

Nimeamua kumwandika kwa sababu ya jambo linalotuhusu sote. Kila mwaka tunasikia miradi ya kuwafundisha wakulima wa Kwale, Kilifi, Tana River na Lamu kilimo cha kisasa. Fedha zinatolewa, semina zinafanyika, picha zinapigwa, wageni wanarudi makwao. Mwaka unaofuata mkulima yuko pale pale, mahindi yake yameliwa na wadudu na gunia la unga analinunua dukani. Kwa nini mafunzo mengi hayashiki? Nikiyatazama maisha ya Odhiambo, na yale ninayoyaona mashambani huku mpakani, naona sehemu kubwa ya jibu.

Kutoka kisiwani hadi Makerere

Thomas Odhiambo alizaliwa Mombasa tarehe 4 Februari 1931. Familia yake ilikuwa ya Kiluo, na kama mjuavyo, familia nyingi za Nyanza wakati ule zilikuwa zikiteremka pwani kufuata kazi za reli, bandari na ofisi za serikali. Mwezi mmoja tu kabla ya kuzaliwa kwake, Januari 1931, reli iliyoanzia Mombasa ilikuwa imefika Kampala, ikipita mpakani hapa na Tororo. Sidhani kama kuna aliyewaza siku hizo kwamba mtoto wa Kiafrika aliyezaliwa pale reli ilipoanzia angekuja kuanzisha kituo cha utafiti ambacho Wazungu wenyewe wangepanda ndege kuja kujifunza.

Alisoma shule ya Maseno, kisha akavuka mpaka kwenda Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1950. Wakati huo mwanafunzi wa Kenya, Uganda au Tanganyika aliyetaka elimu ya juu bila kuondoka Afrika Mashariki hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Baada ya Makerere alifanya kazi ya kilimo Uganda, na huko ndiko alikoshikana na wadudu. Alishughulika hasa na wadudu wadogo wanaofyonza maji ya mimea, wale ambao mkulima anaona tu jani limejikunja na tunda limeanguka, asijue aliyemharibia ni nani.

Inafaa tukumbuke kilimo kilifundishwaje siku zile. Pamba iliingia Busia na Samia kutoka Uganda mwanzoni mwa karne iliyopita, na mkulima alijifunza kwa amri. Chifu aliambiwa na bwana mkubwa, chifu akawaambia watu, na asiyepanda alijua kitakachompata. Mafunzo yalikuwa ni maagizo: panda hivi, ng'oa hivi, nyunyiza hivi. Mkulima hakuulizwa anajua nini, wala hakuelezwa sababu. Vijana Waafrika waliosoma na kuingia idara za kilimo walikuwa katikati ya mambo hayo. Walijua lugha ya ofisi na walijua lugha ya kijiji, lakini utafiti wenyewe ulipangwa na watu wengine.

Mwaka 1959 Odhiambo alikwenda Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Alitafiti nzige wa jangwani, akichunguza namna homoni zinavyoongoza mwili wa nzige dume, na mwaka 1965 akapata shahada ya udaktari. Sisi tuliowaona nzige wakiingia Kenya mwishoni mwa 2019 na kufunika mashamba na malisho hadi Tana River tunaelewa kwamba elimu hiyo haikuwa ya anasa. Mtu anayejua mdudu anakua vipi na anazaana vipi anaweza kumzuia kabla hajaota mbawa.

Kituo cha wadudu Nairobi

Aliporudi nyumbani alifundisha chuo kikuu Nairobi. Mwaka 1967 aliandika makala katika jarida la Science la Marekani kuhusu sayansi na maendeleo ya Afrika Mashariki. Hoja yake ilikuwa kwamba nchi zetu haziwezi kuendelea kwa kuazima sayansi ya wengine, na kwamba lazima tuwe na watafiti wetu wanaofanya kazi kwenye matatizo yetu, hapa hapa. Makala hayo yalisomwa na wakubwa wa sayansi Marekani na Ulaya, na kutokana na mazungumzo yaliyofuata, ICIPE ilianzishwa mwaka 1970, yeye akiwa mkurugenzi wake wa kwanza. Katika miaka hiyo hiyo alikuwa pia profesa wa kwanza wa elimu ya wadudu katika Chuo Kikuu cha Nairobi.

Kituo kilianza kwa unyonge, katika majengo ya muda kule Chiromo. Maprofesa wenye majina makubwa walikuja kwa vipindi kuongoza utafiti, na vijana wakafanya kazi chini yao. Waliwachunguza mbung'o, kupe, mchwa, viwavijeshi na funza wanaotoboa bua la mahindi na la mtama. Baadaye kilihamia makao yake ya Kasarani, mahali panapoitwa Duduville. Hata jina hilo lina Kiswahili ndani yake.

Tukumbuke wakati wenyewe. Tangu vita vya pili vya dunia, jibu la kila mdudu lilikuwa sumu. DDT ilipuliziwa nyumba, mashamba na mabwawa. Mwaka 1962 Rachel Carson alitoa kitabu Marekani kuonya juu ya madhara ya sumu hizo, na dunia ikaanza kushtuka. Huku kwetu tatizo lilikuwa na upande wa pili: sumu ilitoka ng'ambo, ilikuwa ghali, na mkulima mwenye nusu ekari aliitumia bila kinga wala maelezo anayoweza kuyasoma. Odhiambo aliamini kwamba ukimjua mdudu vizuri, anapenda harufu gani, anakimbia harufu gani, adui yake ni nani, unaweza kumshinda bila kumwaga sumu. Ukiliangalia kwa makini, hilo ni wazo linalomfaa maskini, maana maarifa ukishakuwa nayo hununui tena kila msimu.

Kufundisha kwa kuweka kazi mikononi

Katika miaka ya 1980, kule Nguruman, Kajiado, karibu na mpaka wa Tanzania, watafiti wa ICIPE walitengeneza mtego wa mbung'o. Ulikuwa wa kitambaa cha buluu na cheusi na wavu, na chambo chake kilikuwa mkojo wa ng'ombe na kemikali moja rahisi ya kununua. Wafugaji wa Kimaasai walifundishwa kushona mitego wenyewe, kuiweka na kuitunza. Mbung'o wakapungua sana katika eneo lile. Wafugaji hawakuhitaji ndege ya kunyunyiza sumu. Walihitaji kitambaa, sindano, na mtu wa kuwaeleza kwa nini mbung'o anaipenda rangi ya buluu.

Upande wa pili alijali kufundisha wanaofundisha. Mwaka 1983 ICIPE na vyuo vikuu vya Afrika walianza mpango wa pamoja wa shahada za juu katika elimu ya wadudu, ili kijana wa Kenya, Ethiopia au Ghana apate udaktari akitafiti mdudu wa nyumbani. Akaasisi pia Chuo cha Sayansi cha Afrika katikati ya miaka hiyo na kukiongoza kwa zaidi ya muongo mmoja. Mwaka 1987 alipewa tuzo ya kwanza ya Afrika ya uongozi katika kumaliza njaa, pamoja na Rais Abdou Diouf wa Senegal. Hebu fikirieni: rais wa nchi na mtaalamu wa wadudu wamesimama mahali pamoja.

Sitaki kumfanya malaika. Wapo waliosema ICIPE ilikaa mno maabara, kwamba miaka ilipita ripoti zikiandikwa na mkulima hajaona kitu. Wapo waliosema kituo kilitegemea mno fedha za wafadhili wa nje, na hilo halina ubishi, kwa sababu serikali zetu za Afrika hazikuwa tayari kulipia sayansi yao wenyewe. Aliacha uongozi wa ICIPE mwaka 1994. Mavuno makubwa zaidi ya mbegu aliyoipanda yalikuja baadaye, chini ya watu wengine. Aliendelea kuhimiza sayansi ya Afrika hadi alipofariki akiwa na miaka 72. Kituo cha ICIPE kule Mbita, kando ya Ziwa Victoria, sasa kinaitwa kwa jina lake.

Ninayoyaona Busia na Malaba

Sasa njooni huku mpakani. Kaunti ya Busia ni nchi ya mahindi, muhogo, mtama, wimbi, viazi vitamu na njugu. Kwa Wateso wa Malaba na Amukura, plau ya kukokotwa na ng'ombe ni chombo cha siku nyingi. Na maadui wa mkulima hapa ni wale wale waliokuwa kwenye meza ya Odhiambo. Mbung'o walileta nagana kwa ng'ombe wa plau na malale kwa binadamu, na Alupe, kwenye barabara ya kutoka Busia kuja Malaba, palikuwa na hospitali ya kutibu malale. Funza wa bua wanakula mahindi kutoka ndani. Na kuna kayongo, lile gugu ambalo ndugu zetu wa Tanzania huliita kiduha.

Kayongo ni mzuri kwa macho, ana maua ya zambarau. Lakini mizizi yake hujishikiza kwenye mizizi ya mahindi na kuyanyonya kama kupe. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi, mmea mmoja hutoa maelfu kwa maelfu, na zinaweza kulala ardhini zaidi ya miaka 10 zikingoja mahindi yapandwe. Wazee wengine huku walidhani ni laana ya shamba. Ukipalilia, umechelewa, maana alikwisha kunyonya kabla hajachomoza.

Jibu lililosaidia wengi lilitoka Mbita katika miaka ya 1990. Dakta Zeyaur Khan wa ICIPE, pamoja na wenzake wa kituo cha Rothamsted cha Uingereza na wa taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya, walitengeneza mbinu ya kusukuma na kuvuta. Kati ya mistari ya mahindi hupandwa mmea unaoitwa desmodiamu, wenye harufu inayomfukuza nondo anayetaga mayai ya funza wa bua. Pembeni mwa shamba hupandwa nyasi za nepia, na nondo akifukuzwa ndani huvutwa huko nje, akataga pale, na funza wengi wakafa kwa utomvu wa nepia. Halafu likaonekana jambo ambalo hawakulitarajia. Palipo na desmodiamu, kayongo alipungua. Mizizi yake hutoa kemikali zinazoziamsha mbegu za kayongo na kuziua kabla hazijashika mahindi. Desmodiamu ni jamii ya kunde, kwa hiyo hurutubisha udongo pia, na pamoja na nepia ni chakula cha ng'ombe. ICIPE husema mavuno ya mahindi hupanda kutoka kama tani 1 kwa hekta hadi tani 3 na nusu.

Mimi si mkulima wa kutajika, nina kipande kidogo tu nje ya mji. Lakini macho ninayo. Mwaka mmoja shirika fulani lilikodi ukumbi hapa Malaba kuwafundisha wakulima kilimo cha kisasa. Nilialikwa kama mfanyabiashara. Kulikuwa na picha ukutani za ndege zisizo na rubani na trekta zinazojiendesha. Mwalimu alizungumza Kiingereza, mkalimani akafupisha dakika 10 kwa sentensi 2. Tukanywa soda, wakulima wakapewa nauli na fulana. Fulana zile nimeziona zikivaliwa na vijana wa bodaboda kwa miaka. Kingine chochote cha semina ile sijakiona.

Sasa linganisha na mama mmoja jirani yangu, Mteso, ambaye hakuwahi kumaliza shule ya msingi. Alifundishwa kusukuma na kuvuta na mkulima mwenzake wa upande wa Amagoro, ambaye naye alifundishwa na mwingine. Hakuna aliyemwambia ageuze shamba lote. Aliambiwa ajaribu kipande kimoja, na kipande kingine alime kama kawaida, kisha ahesabu debe mwisho wa msimu. Alihesabu. Msimu uliofuata akaongeza. Leo majirani huja kwake kuomba vipande vya desmodiamu vya kupandikiza, kwa kuwa mbegu yake dukani ni ghali na mara nyingi haipatikani. Anapowaeleza, haongei kama mtu aliyekariri. Anang'oa mahindi, anaonyesha mizizi, anapasua bua, anaonyesha funza. Ananiambia mimi Mswahili wa bahari, niliyezoea kuhesabu kontena, na ninaelewa.

Njia hiyo ya kufundishana ina historia hapa Busia. Mwaka 1989 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilianza shule za mashambani kule Indonesia, wakulima wa mpunga walipokuwa wakiharibiwa na wadudu na sumu kwa pamoja. Mwaka 1999 FAO na mfuko wa IFAD wakaleta mradi wa shule hizo Afrika Mashariki, na Busia ikawa miongoni mwa maeneo ya mwanzo, upande wa Kenya na upande wa Uganda. Kundi la wakulima kama 25 au 30 hukutana kila wiki, msimu mzima, chini ya mti, kando ya shamba lao la majaribio. Mwalimu haji kuhubiri. Wanaingia shambani, wanahesabu wadudu, wanachora walichokiona, wanabishana, wanaamua. Utafiti uliofanywa baadaye Kenya, Uganda na Tanzania ulionyesha kwamba waliofaidika hasa ni wanawake na watu wenye elimu ndogo ya darasani. Yaani wale wale ambao semina za ukumbini huwaacha nyuma.

Viwavijeshi vamizi kutoka Amerika walipoingia Kenya mwaka 2017, magharibi ndiko walikoonekana mapema. Wengi walikimbilia sumu. Watafiti walipokwenda kuangalia, mashamba yenye desmodiamu yalikuwa yameharibiwa kidogo zaidi kuliko mengine. Mkulima aliyejifunza kwa kuona, si kwa kuamriwa, alikuwa tayari ana kitu cha kujikinga kabla ya serikali kufika.

Na sisi Pwani?

Msidhani haya ni ya bara tu. Funza wa bua anayetusumbua zaidi pwani si mwenyeji. Alitoka Asia, na katika ardhi ya chini yenye joto kama yetu alistawi kwa sababu adui yake wa asili hakuja naye. ICIPE ilimfuata adui huyo Pakistan. Ni nyigu mdogo sana, hata ukimtazama unaweza kudhani ni usubi, naye hutaga mayai ndani ya funza, na watoto wake wakamla funza kutoka ndani. Mwaka 1993, Odhiambo akiwa bado mkurugenzi, nyigu hao waliachiliwa katika mashamba ya pwani yetu. Walikaa, wakazaana, na kusambaa. Kwa hiyo mkulima wa Kilifi anayevuna leo anasaidiwa na jeshi asiloliona, lililoletwa na kituo cha mzaliwa wa Mombasa, na hakuna aliyemweleza. Akinyunyiza sumu ovyo, anawaua walinzi wake mwenyewe.

Kwale nako, kandokando ya Shimba Hills, ICIPE imewajaribishia wafugaji kola za kufunga shingoni mwa ng'ombe, zenye harufu ya kuro. Mbung'o hampendi kuro, basi akiisikia harufu ile kwa ng'ombe humwacha. Ugonjwa ulipungua sana kwa ng'ombe waliovaa kola hizo. Ni fikra ile ile ya Nguruman: mjue mdudu, kisha mpe mfugaji kitu anachoweza kukitumia kwa mkono wake.

Tatizo letu basi si kukosa elimu. Tuna KALRO Mtwapa, kituo cha miaka mingi. Tuna Chuo Kikuu cha Pwani, ambacho kilikuwa taasisi ya kilimo kabla ya kuwa chuo kikuu. Kinachokosekana ni daraja la kutoka pale hadi kwa bi mkubwa wa Vitengeni au Lunga Lunga. Mabwana shamba walipunguzwa tangu serikali ilipobana matumizi miaka ya 1990, na tangu ugatuzi wa 2013 kazi hiyo iko mikononi mwa kaunti. Mahali pao pamechukuliwa na muuza duka la dawa za mimea, ambaye hawezi kumwambia mteja asinunue dawa.

Mimi nina maombi mawili kwa viongozi wetu wa kaunti za pwani. La kwanza, kabla ya kusaini mradi mwingine wa kufundisha wakulima, waulize maswali matatu. Je, mafunzo yatakuwa shambani kwa mkulima au hotelini? Je, yatadumu msimu mzima, tangu kupanda hadi kuhesabu debe? Je, mradi ukiisha, nani kijijini atabaki kuwa mwalimu? Kama hakuna jibu la swali la tatu, fedha hizo ni bora zikanunue mbegu. Wasafirishe pia wakulima wachache, hata 20, waje Busia wakae wiki moja kwa wenzao. Basi la usiku lipo. Mkulima humwamini mkulima aliye na matope miguuni kuliko mimi na kalamu yangu.

La pili ni jina. Busia wanajivunia Calestous Juma, mtoto wa Port Victoria aliyeandika juu ya sayansi na kilimo cha Afrika akafika kufundisha Harvard. Mbita wameliandika jina la Odhiambo langoni. Mombasa, alikozaliwa, tumemwekea nini? Maabara moja ya Chuo Kikuu cha Pwani ikiitwa kwa jina lake, au hata chumba cha sayansi katika shule moja ya msingi kisiwani, haitagharimu hazina. Watoto wetu wanajua majina ya wachezaji wa Uingereza hadi wa akiba. Si vibaya wakajua pia kwamba alizaliwa mtu hapa hapa, katika joto hili na chumvi hii, ambaye alimtazama mdudu kwa subira hadi mdudu akamfundisha njia ya kumlinda mkulima.

Malori ya Mombasa yataendelea kuja Malaba, na nitaendelea kuyapitisha, ndiyo riziki yangu. Lakini kuna mzigo mmoja uliotoka Mombasa zamani, ukazungukia Maseno, Makerere, Cambridge na Nairobi, na umekwisha kushushwa huku kitambo. Wakulima wa Busia wanautumia. Kilichobaki ni sisi wenye asili yake kuudai, na kuupeleka Kwale na Kilifi kabla mvua za masika hazijaanza.